Kabla hujalipia boti ya papa potwe Mafia

Ukishuka Kilindoni, mji mkuu wa kisiwa cha Mafia, mwezi wa Novemba, hutakosa mtu wa kukuambia kuwa kesho asubuhi anaweza kukupeleka ukaone papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote. Na hasemi uongo. Samaki ni yuleyule, ghuba ni ileile, na siku nyingine mashine huzimwa nyumba za mji bado zinaonekana. Kinachotofautiana ni chombo, aliyeshika usukani, na saa mliyong'oa nanga. Hivyo vitatu ndivyo unavyolipia, na ndivyo ambavyo wageni wengi hawaviulizi. Wao huuliza bei, kisha huuliza "tutawaona kweli?"

Tuanze na kalenda, maana huko ndiko watu huuziwa mbuzi kwenye gunia. Papa potwe hujitokeza juu ya maji upande wa magharibi wa kisiwa kuanzia Oktoba hadi Februari, na miaka mingine hadi Machi. Zamani ilidhaniwa kwamba baada ya hapo huhama. Watafiti waliowafungia vifaa vya kutoa mlio chini ya maji wakakuta wengi wao hawaendi popote: miezi mingine hushuka kwenye kina zaidi na kusogea nje ya ghuba, macho ya juu yasiwapate. Kwa hiyo anayekuuzia safari ya papa potwe mwezi wa Juni hakosei akisema wapo. Anakosea kuchukua hela yako.

Kusi, upepo wa kutoka kusini, linapovuma, wanyama wengine ndio huwa na zamu yao. Nyangumi wenye nundu hupita kati ya Julai na Oktoba, wakija kuzaa kwenye maji ya joto. Vifaranga vya kasa hutoka kwenye mchanga wa kisiwa cha Juani, wengi kati ya Juni na Septemba. Popo wakubwa wa kisiwa kidogo cha Chole, wale wala matunda wanaoning'inia mitini kama nguo zilizoanikwa, wapo mwaka mzima na hawahitaji bahari tulivu, kivuko kifupi tu kutoka Utende, kijiji cha upande wa mashariki wa Mafia. Nguva usimweke kwenye hesabu kabisa. Maji ya kati ya Mafia na delta ya Rufiji ni miongoni mwa sehemu chache za Tanzania ambako bado yupo, lakini wavuvi waliozeeka huko hukaa miaka bila kumwona. Boti inayotangaza nguva kwenye bango lake, ipishe.

Hakuna wiki itakayokupa vyote. Oktoba ndiyo inakaribia: mkia wa nyangumi na vichwa vya kwanza vya papa potwe, upepo ukiwa kwenye maleleji, kipindi cha kugeuka. Lakini ni bahati nasibu pande zote mbili. Anayetaka papa potwe aje kati ya Novemba na Februari, atenge asubuhi mbili au tatu badala ya moja. Aprili na Mei ni masika. Hoteli nyingi hufunga, na waliobaki watakupa bei nzuri kwa sababu wanayoijua.

Chombo

Mafia utapewa vyombo vya aina tatu. Mashua ya mbao, mara nyingi ya mita 8 hadi 10, yenye turubai la kivuli na mashine ya nje. Boti ya faiba, ya mita 6 au 7. Na ngalawa. Ngalawa ni raha ndani ya ghuba ya Chole, lakini si ya papa potwe: haina ngazi, na kumfuata kwa tanga samaki anayetembea ni kumwombea asimame. Mashua ni nzito, haichachawi na wimbi dogo, na mtu mwenye kichefuchefu hupata pa kulala. Faiba huwahi zaidi, ila hupiga maji na kila mtu hurudi ameloa. Kwa familia yenye watoto au wazee, chukua mashua. Kwa watu wanne wanaojua kuogelea, faiba inafaa.

Aina ya chombo hata hivyo haina uzito kama hali yake, na hali yake haionekani kwenye picha za WhatsApp. Nenda ufukweni jioni ya kuamkia safari, uombe kuingia botini. Inua ubao wa sakafu karibu na tezi (nyuma ya chombo), tazama ngamani, chini kabisa yanakokusanyika maji. Maji kidogo kwenye chombo cha mbao si kitu, mbao hunywa na kutoa. Lakini ukiambiwa yamefuliwa (yamechotwa na kumwagwa) leo asubuhi na jioni hii yanafika kwenye kifundo cha mguu, kalafati, yaani pamba inayoziba maungio ya mbao, imechoka. Tazama maungio ya mbao kwa ndani: pamba ya kalafati ikichungulia kama uzi wa shati bovu, chombo hicho kinadai fundi, na mafundi hawako mbali, Jibondo ni kisiwa cha wajenzi wa vyombo tangu zamani. Halafu tazama rangi ya maji yenyewe. Yakiwa na ngozi ya upinde wa mvua, petroli inavuja mahali, na kwenye boti yenye mtu anayevuta sigara hilo si jambo la kuchekea.

Mashine nayo uombe iwashwe. Mashine nyingi za ukanda huu ni za mipigo miwili, zinazokunywa petroli iliyochanganywa na oili, kwa kawaida 50 kwa 1, yaani dumu la lita 20 kwa mililita 400 za oili. Wanaopima kwa macho huharibu kwa njia mbili: oili ikizidi, plagi hushika masizi na mashine huzimika ikiwa inatembea polepole, na polepole ndio mwendo wa kazi ya papa potwe; oili ikipungua, pistoni hukwama, na hapo hakuna tena cha kufungua na spana. Ikishawaka, angalia nyuma kwenye katundu kadogo kanakotema maji ya kupozea. Yatoke kwa nguvu, kama mkojo wa ng'ombe (samahani, lakini ndivyo mabaharia wanavyosema na hakuna mfano bora). Yakitoka kama uzi, au kwa kukatakata, feni ya ndani imekwisha au tundu limeziba kwa mchanga na majani ya baharini. Kupita kwenye maji haba wakati wa kupwa ndiko kunakoleta hayo, na mashine ikishapata moto haiwaki mpaka ipoe.

Vifaa vya akiba havichukui nafasi: plagi mbili na spana yake, pini za propela, kamba ya kuwashia, makasia au upondo (mti wa kusukumia chombo), ndoo ya kufulia maji, nanga yenye kamba isiyopungua mara tatu ya kina mnachokwenda. Pini ya propela ndiyo hukatika zaidi, na imewekwa pale ikatike: propela ikigonga mwamba, pini hufa ili gia ipone. Nahodha mwenye pini tatu mfukoni hubadilisha moja kwa dakika kumi. Asiye nayo hutafuta msumari, na msumari mgumu mno safari ijayo huvunja gia. Ukimuuliza nahodha "una pini za akiba?" akacheka na kukuonyesha, umempata mtu wako.

Mafuta yagawanywe mafungu matatu: la kwendea, la kurudia, na la tatu lisiguswe. Jaketi okozi zihesabiwe, moja kwa kila kichwa pamoja na mabaharia, na za watoto ziwe za watoto. Fungua moja, vuta mkanda wake. Jaketi lililokaa juani miaka mitatu chini ya nyavu, kifungo chake hukatika mkononi. Uliza pia simu ya nahodha inashika mtandao gani huko mnakokwenda, na nani nchi kavu anajua mmetoka saa ngapi na mnarudi saa ngapi. Boti inayobeba abiria kwa malipo inatakiwa iwe imekaguliwa na TASAC, shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini. Omba kuona cheti na idadi ya watu iliyoandikwa humo. Mtu asipende kukionyesha, tayari umejibiwa.

Maji

Hapa ndipo safari nyingi za visiwani huharibika, na si kwa dhoruba. Mafia maji hupanda na kushuka hadi mita tatu na zaidi wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa. Mwambao wetu una kanuni moja nyepesi ambayo kila mvuvi anaijua na mgeni haambiwi: siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na siku mbili tatu zinazofuata, maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayopita, saa hizo husogea mbele kama dakika 40 hadi 60. Kwenye maji mafu, siku za nusu mwezi, mambo hugeuka, yanajaa kwenye saa nne na kupwa kwenye saa kumi, ila kupwa kwenyewe ni kwa aibu, hakukaushi kitu.

Sasa chukua kalenda ya mwezi, uitumie kupima ratiba unayouziwa. "Tunaondoka Utende saa nne asubuhi kwenda Juani, magofu ya Kua na mikoko." Tarehe hiyo ikiangukia siku ya mwezi mpevu, saa nne ndiyo maji yamekauka. Mtavuka matope na majani kwa miguu kuifuata boti ilipo, na mkono wa bahari unaopita mikokoni kuelekea Kua utakuwa hauna maji ya kuelea mtumbwi, sembuse mashua. Safari hiyohiyo wiki moja baadaye, kwenye maji mafu, ni tamu. Mtu anayekupa saa ileile ya kuondoka kila siku ya mwezi anaendesha ofisi tu, bahari haijui.

Safari ya vifaranga vya kasa ndiyo ngumu kupanga kuliko zote. Pwani wanakotagia iko upande wa Juani unaotazama bahari kuu. Boti hutua upande wa ndani, kisha watu huvuka kisiwa kwa miguu. Shimo hufukuliwa alasiri jua likipoa, kwa kuwa vifaranga hupikwa na mchanga wa mchana, na hakuna anayeweza kukuahidi tarehe: mayai hukaa ardhini siku 55 hadi 60, joto la mchanga likiamua. Wanaojua ni wahifadhi wa vijijini wanaofanya kazi na shirika la Sea Sense, wanaoyawekea mashimo alama na kuhesabu siku. Kwa hiyo boti inayopokea taarifa kutoka kwao ndiyo yako, na hiyo itakwambia "kesho huenda", si "Jumamosi saa tisa". Halafu hesabu kurudi. Siku ya bamvua maji yamejaa saa kumi, mkimaliza saa kumi na mbili yanakimbia kutoka, na giza linaingia. Nahodha anayejua kazi huiacha boti mbali kidogo, kwenye kina, mkaifuata kwa maji ya magotini. Asiyejua huivuta mpaka mchangani ili viatu vyenu visiloe, mkarudi mkaikuta imekaa pembe moja kama mlevi, na mnangoja hadi baada ya saa sita usiku iinuke tena.

Kwa nyangumi ni lazima kutoka ghuba ya Chole kupitia mlango wa Kinasi, njia ya kutokea bahari kuu. Maji ya ghuba nzima hupita hapo. Yakiwa yanatoka kwa nguvu na kusi linaingia kutoka baharini, hukutana uso kwa uso, na mawimbi husimama mafupi, wima, hata siku ambayo ufukweni kumetulia. Pitieni maji yanaposimama, kutoka na kurudi. Ikiwa nahodha hana jibu la "tutapita Kinasi saa ngapi na kwa nini", bakini ndani ya ghuba mkaone kasa na ng'amba kwenye matumbawe. Boti ya mashine moja isitoke nje ya Kinasi wakati wa kusi. Hapo hatuna "inategemea".

Kuna watu huulizia pia Fungu Kizimkazi, kile kisiwa kidogo cha ndege wa baharini kilicho mbali na Dar es Salaam, katikati ya bahari kuu. Hakina kivuli wala maji. Hiyo ni kazi ya boti kubwa yenye mashine mbili, redio na nahodha wa bahari kuu. Mashua ya matembezi isikushawishi.

Kazi yenyewe

Papa potwe wa Mafia wengi ni madume ambayo hayajakomaa, wa mita 4 hadi 9 hivi. Wanafuata vijidudu vya baharini na uduvi, na ndiyo maana maji yao ni ya kijani na mavumbi. Usilalamike huoni mbali. Yakiwa maangavu kama ya kwenye kalenda, chakula hakipo na samaki hayupo. Wavuvi wa dagaa wanafuata neema hiyohiyo, hivyo mara nyingi atakuwa karibu na boti za nyavu. Nahodha mwema huwasalimu wavuvi, huwauliza, na hapiti juu ya nyavu zao.

Namna boti inavyomkaribia ndiyo itakuonyesha umelipia nini. Nahodha mzuri humwona kwa mbali, pezi la mgongo na ncha ya mkia zikikata maji, halafu hamfuati. Hutazama anakoelekea, huzunguka kwa mbali, hutangulia mbele yake kwa pembeni, huweka gia huru, na kunyamaza. Mabaharia humwambia mgeni wa kwanza akae ubavuni, miguu nje, barakoa usoni, na "ingia" husemwa mara moja. Mnateleza majini, hamruki. Sekunde chache hakuna kitu ila kijani. Kisha mdomo unatokea, mpana kuliko mabega yenu, wazi, ukiyameza maji bila haraka. Nyuma yake madoa meupe yaliyopangwa kama ya kanga, na hayo madoa ya nyuma ya matamvua ya kupumulia ndiyo watafiti hutumia kumtambua mmoja na mwingine, kama alama za vidole. Mbaki ubavuni, mita 3 kutoka mwilini na 4 kutoka mkiani. Mkia ndio wa kuogopwa, si mdomo: hakusudii, lakini ukikupiga umekupiga.

Nahodha mbaya huja kutoka nyuma kwa kasi. Samaki husikia mashine, huzama, wageni wanaruka kila mmoja kwa wakati wake na kuona povu. Mnapanda, mnakimbizana tena. Baada ya mara tatu kila mtu anasema "leo wana aibu". Hawana aibu, wamefukuzwa. Pomboo wa kijiji cha Kizimkazi, Unguja, wamekuwa wakipata adha hiyohiyo ya boti nyingi kuzunguka kundi moja. Kwa hiyo uliza mapema: mkikuta boti tatu kwenye samaki mmoja, mnafanyaje? Jibu unalotaka ni kwamba tunangoja zamu au tunatafuta mwingine. Uliza watu wangapi huingia majini pamoja. Boti yenye wageni 6 au 8, wanaoingia kwa makundi mawili, kila mtu huona. Yenye 15, kila mtu hupigwa teke.

Wengi wetu hatujui kuogelea, na hilo lisikuzuie ila liseme tangu mwanzo, si botini. Papa potwe hula juu ya maji, kwa hiyo ukiwa umekaa omoni (mbele ya chombo) humwona vizuri, na jua likiwa nyuma yenu humwona mwili mzima. Ukitaka kuingia, vaa jaketi na ushike boya la mviringo likivutwa na baharia mmoja ambaye kazi yake ni wewe peke yako. Na hakikisha kuna ngazi. Kurudi botini kutoka majini bila ngazi huwashinda hata vijana, na hapo ndipo watu huvutwa kwa mikono na kuchubuka mbavu kwenye ubao.

Ondokeni saa moja asubuhi, saa mbili mkichelewa sana, kabla upepo wa mchana haujaamka. Dawa ya kichefuchefu imezwe kabla ya kupanda, ukishaanza kutapika haikai tumboni. Mkilala Utende, jueni kwamba Kilindoni ni upande wa pili wa kisiwa, kwa hiyo gari liwe ndani ya bei, au mjue haliko.

Bei iulizwe kwa boti nzima, halafu kwa kichwa, kisha yaliyomo yatajwe moja moja: mafuta, gari, barakoa na mapezi, mwongozaji, chakula, ada. Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa 1995 ikiwa ya kwanza nchini, ina ada ya kila siku, na Mtanzania hutozwa kwa shilingi na chini sana kuliko mgeni, ila uwe na kitambulisho cha NIDA mkononi pale getini Utende. Maji ya Kilindoni wanakokula papa potwe yako nje ya mpaka wa hifadhi hiyo, kwa hiyo ukikuta ada ya hifadhi kwenye bei ya papa potwe pekee, uliza ni ya eneo gani na ya siku ngapi, na udai stakabadhi.

Makubaliano mawili yaandikwe, hata kwa ujumbe wa simu. La kwanza, upepo ukikataa: nani anaamua, na fedha inarudi au safari inasogezwa? Uamuzi uwe wa nahodha, na asiwe na hasara ya kumfanya aogope kusema hapana. La pili, msipoona kitu: wengine hutoa asubuhi ya pili kwa bei ya mafuta tu, wengine hawatoi chochote, na zote ni biashara halali mradi ulijua. Lipa nusu kabla, nusu mkirudi. Bakshishi mpe baharia aliyekuwa nawe majini, mkononi mwake, mkiwa bado ufukweni.